Mwalimu wa Nembo wa Walukuba

Mwalimu hakuruhusu mtu aseme kwamba kitu ni kizuri. Ungeingia katika chumba chake pale Walukuba, mtaa wa Jinja, ukiwa mgeni, ukaona nembo tulizobandika ukutani kwa selotepu, ukasema kwa adabu tu kwamba zinapendeza, naye angekutazama kwa huruma kama mtu aliyepotea njia. Kisha angekuuliza, "Unaona nini?" Ukirudia kwamba ni nzuri, angeuliza tena kwa sauti ileile, mpaka uache kutafuta sifa na uanze kutumia macho. Unaona jani. Jani gani? La mgomba. Linafanya nini? Limefunika sufuria. Hapo ndipo alipovuta kiti akaketi, maana kwake mazungumzo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Nilikaa mbele ya macho yale miaka kadhaa. Mengi ya maisha yake siyajui na sitayabuni. Najua kwamba alikuwa Mnubi, Mwislamu, mwanamke wa makamo wakati nilipomfahamu, na kwamba ujana wake wote aliupitisha katika chumba cha wachoraji cha kiwanda cha nguo, akichora maua na ndege wa vitenge, hadi kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi wakatawanyika. Nyumba zao zilibaki. Katika mojawapo alikodi chumba cha mbele, akaweka mabenchi, ubao, na kompyuta ya zamani iliyozimika kila umeme ulipoyumba, akaanza kutufundisha sisi tuliomaliza sekondari na kukosa pa kwenda.

Alitufundisha kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwashangaza wengi, kwa sababu pale Jinja Kiswahili bado kinawakumbusha watu wazima askari na vizuizi vya barabarani. Mimi hakikunisumbua. Baba yangu alikuwa dereva wa malori kutoka Bungoma aliyehamia Jinja, na nyumbani tulikizungumza tangu utoto. Wanafunzi wengine walimwita Afande kisirisiri. Alijua, na lilimuuma, kwa kuwa hakuwahi kushika bunduki na hakuwapenda walioishika. Siku moja nilimwuliza kwa nini asifundishe kwa Kiingereza, au kwa Luganda kama wengine. Akasema kwamba kwa Kiingereza tunajificha, na kwa Luganda mwenye lugha yake anashinda kabla hajasema jambo lolote. Kwa Kiswahili sote tunakosea, akasema, kwa hiyo hakuna wa kuona haya.

Aliyekosea kuliko wote alikuwa Nambozo. Alitoka Mbale, akaishi Jinja kwa shangazi yake, na alikuja darasani akiwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Baba yake alipokuja siku moja kuona binti anasomea nini, Mwalimu alijisahau akamsalimu kwa Kiswahili. Yule mzee akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, uso umefungwa kabisa. Baadaye Nambozo alitueleza kwamba ndiyo lugha waliyoitumia wale waliokuja kumchukua kaka wa baba yake, enzi za utawala wa jeshi, naye hakurudi. Mwalimu hakuwa amejua hayo, lakini aliuona ule uso. Akasema, "Mulembe," kama wanavyosalimiana Wamasaba wa kule Mbale, akamtolea kiti nje kivulini, na yeye akatoa chake. Waliketi hapo muda mrefu bila kusemezana, wakitazama bodaboda zikipita. Mzee alipoinuka kuondoka alimwambia Nambozo kwa lugha yao kwamba aendelee na masomo.

Kampuni tulizozichorea hazikuwepo. Jumatatu Mwalimu alikuwa akiandika moja ubaoni: kliniki ya ng'ombe, basi la kutoka Mbale hadi Lodwar, chama cha wajane wanaofuga nyuki, fundi wa viatu vya watoto. Alizitunga kwa makini kana kwamba wenyewe wangefika kesho kudai kazi yao. Alituambia mwenye kampuni ni mkali au mpole, wateja wake wanajua kusoma au hawajui, kibao kitawekwa juu ya mlango au ubavuni mwa gari. Tukachora kwa penseli hadi Alhamisi, na Alhamisi tukabandika.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa shule yenyewe. Mwenye nembo aliketi kwenye kigoda, mgongo kwa ukuta, uso kwetu, na hakuruhusiwa kufungua mdomo. Sisi tulizunguka zamu kwa zamu, kila mtu akasema anachokiona, kisha kinachomsumbua, kisha kinachoweza kuondoka bila mtu kukikosa. Tukimaliza, aliyekaa kwenye kigoda alisema, "Nimesikia," basi, akaenda kuchora upya. Hakuna kujitetea. Mwalimu alisema kibao kikishatundikwa barabarani, mchoraji hatasimama chini yake kuwaeleza wapita njia alikuwa na maana gani.

Mwanzoni wengi walilia. Mimi nililia. Nilikuwa nimechora mkono ulioshika mbegu, nikaupenda sana, na Hamisi, kijana mcheshi wa pale pale Walukuba, akasema anaona mtu anayeomba senti. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kutorejea. Nikarejea, nikachora tena, na mara ya tatu mkono ule ulipokuwa umebaki vidole viwili na mbegu, chumba kizima kilinyamaza kidogo kabla ya mtu kusema. Sijawahi kupata zawadi nyingine kama ukimya ule. Tulikuwa tukiamini kwamba ukikaa kwenye kigoda kile hakuna atakayekudhuru, kwa kuwa wiki ijayo naye atakaa hapo.

Neno alilolipenda Mwalimu ni "ondoa". Ondoa kivuli, ondoa mstari huu, ondoa jua, kila mtu ameshaweka jua. Alichukia ngao, alichukia tufe la dunia, alichukia mikono miwili inayopeana salamu. Alitutoa nje na kutuvusha barabara ili tuitazame nembo kupitia mlango ulio wazi, bodaboda zikikatiza katikati, na kama hatukuitambua kutoka kule alisema imekufa. Wakati mwingine alimtaka mtu amweleze mwenzake nembo kwa simu, naye mwenzake aichore upande wa pili wa ukuta bila kuiona. Ikitoka tofauti, kosa ni la nembo.

Nyumbani kwake, hata hivyo, palijaa kila alichotukataza. Nilikaribishwa huko chai mara nyingi: vitambaa vya maua juu ya viti, maua juu ya maua, saa yenye ndege wa plastiki, kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuzishusha kwa kuwa picha zake zilimfurahisha. Alijipaka hina hadi kwenye viwiko. Nilipocheka siku moja kwamba hapa kuna mengi ya kuondoa, hakucheka. Alinyanyua vikombe akavipeleka jikoni, na chai ile haikurudi tena.

Hapo palikuwa na udhaifu wake, na sote tuliujua. Yeye aliyetufundisha kusikiliza hakuweza kusikiliza. Ukimwambia gauni lake limekaa vibaya begani, angenuna hadi wiki iishe. Mara moja tu tulimbembeleza abandike mchoro wake mwenyewe, na baada ya kukataa sana alibandika. Ulikuwa wa duka la mayai, tawi lililojikunja na ndani yake ndege. Hakuketi kwenye kigoda. Alisimama kando ya mchoro wake kama anayelinda mlango. Hamisi akasema anaona kuku aliyenaswa kwenye waya, tena alilisema kwa heshima, kama alivyotufundisha. Mwalimu aliung'oa mchoro pamoja na kipande cha rangi ya ukuta, na kwa siku kadhaa tulikuta mlango umefungwa. Aliporudi alituandikia kampuni nyingine ubaoni kana kwamba hakuna lililotokea. Hatukumwomba tena.

Sitaki ionekane alikuwa mtu wa moyo mgumu. Baba yangu alipokufa katika ajali ya lori, tukamrudisha Bungoma kumzika, Mwalimu alipanda basi akavuka mpaka wa Malaba akaja mazishini, yeye ambaye hakupenda safari na ambaye hakumfahamu mtu pale. Hakuniambia neno la kunifariji. Aliuliza vyombo vinaoshewa wapi, akakunja mikono ya gauni, akaosha sufuria za watu wote wale hadi jua likakuchwa, pamoja na shangazi zangu, nao wakadhani ni ndugu wa upande wa mama. Alipokuwa akiondoka aliniambia Alhamisi nisibandike kitu, nije tu nikae. Nilikuja nikakaa.

Nembo ya maji ilianza kama nyingine zote. Ubaoni aliandika kampuni ya maji ya chupa yanayotoka mlimani. Sisi wengine tulichora matone, kama ilivyotarajiwa. Nambozo alichora mlima wa kwao, Masaba, jinsi anavyouona kutoka nyuma ya nyumba ya baba yake: mrefu, umelala ubavu kama mtu aliyejipumzisha, na chini ya mgongo wake mstari wa maji. Mara ya kwanza ilikuwa na miti, mawingu na jani la mgomba. Hamisi alisema jani liondoke. Mimi nilisema mstari wa maji ni mzito, unaonekana kama barabara. Mwingine akasema kichwa cha mlima kimekaa kama pua. Nambozo alisikia, akachora, akabandika, akasikia tena. Iliendelea muhula mzima, hata kampuni nyingine zilipokuja yeye aliendelea na ile. Mwishoni ilibaki mistari miwili tu, mmoja mpana na mmoja mwembamba, na kutoka ng'ambo ya barabara uliona mlima, na uliona maji, na ulisikia kiu.

Mwalimu aliitazama siku ile kwa jicho moja, kama alivyozoea, na hakuuliza tunaona nini. Alisema darasa limekwisha, tuondoke mapema.

Baada ya miezi fulani Nambozo alikwenda Mbale kwa shughuli za ukoo. Alirudi na chupa tupu ya maji aliyoinunua kwenye stendi ya mabasi. Aliiweka mezani asubuhi, kabla Mwalimu hajafika. Lebo ilikuwa ya buluu. Jina la kampuni lilikuwa geni kwetu, herufi zake zilikuwa nyingine, lakini juu yake ulilala mlima wake, na chini ya mgongo wa mlima mstari wetu wa maji.

Sijui kama nimewahi kuona chumba kikibadilika namna ile. Tulitazamana. Hamisi aliapa kwa Mungu kabla hajaulizwa na mtu. Mmoja alikumbuka kwamba mimi ndiye niliyeitumia kompyuta siku ile nembo ilipokamilika. Mimi nikakumbuka ni nani alipenda kupiga picha ukuta kwa simu yake. Watu waliokuwa wakitoana kasoro kwa miaka bila kuumizana, sasa kila mmoja alivuta mkoba wake karibu na miguu. Kisha Mwalimu aliingia na mwavuli wake, akaiona chupa, na hakuuliza ni ya nani wala imetoka wapi. Tukajua.

Aliukunja mwavuli, polepole, akauegemeza pembeni. Akachukua kigoda, akakiweka mbele ya ukuta, akaketi, uso kwetu.

Hamisi ndiye aliyeibandua lebo. Iliraruka kidogo pembeni. Akaibandika ukutani juu ya kichwa cha Mwalimu, na kwa kuwa hatukujua la kufanya isipokuwa lile alilotufundisha, tukaanza. Hamisi akasema anaona mlima umelala, na mahali palipokuwa na jani haoni jani, kwa sababu yeye alisema liondoke. Mimi nilisema naona mstari wa maji uliokuwa mzito, tukaupunguza. Mwingine akasema haoni pua. Zamu ilizunguka, sauti zikizidi kushuka, mpaka ikafika kwa Nambozo.

"Mimi naona mkono yangu," akasema. "Jina ndiyo sioni."

"Nimesikia," Mwalimu akasema.

Tulingoja. Nadhani kila mmoja wetu alitaka aendelee. Angesema kwamba nembo ilikuwa ya darasa zima, au kwamba ukuta ni wake, au angetufokea tu, tungejua pa kushika. Alinyanyuka, akachukua mwavuli, akatoka. Baadaye tulipata habari kutoka Mbale kwamba siku kampuni ile ilipofunguliwa aliketi mstari wa mbele miongoni mwa wageni, akatambulishwa kuwa ndiye mchoraji, na watu wakampigia makofi. Hawakumlipa chochote wala hakudai. Nembo aliwapa bure.

Jumatatu iliyofuata alikuja akaandika kampuni ubaoni. Ilikuwa ya mshona mikoba, bado nakumbuka. Alhamisi tulikuja na karatasi zetu zimekunjwa ndani ya mikoba, na hakuna aliyezitoa. Ukuta ulikuwa na alama za selotepu tu. Mwalimu alisubiri amekaa mwisho wa benchi kama mwanafunzi. Mwishowe Hamisi alisema mama yake anamwita, akaondoka, na mmoja mmoja tukamfuata. Hatukukubaliana kufanya hivyo. Kila mtu alikuwa anaogopa mwenzake tu. Muda si mrefu chumba kilichukuliwa na mtu anayekaanga chipsi, na Mwalimu akahamia Mbale, kwa dada yake aliyeishi mtaa wa Malukhu.

Mimi nilipata kazi katika duka la kuchapa hapa Jinja na bado nipo. Nachapa fulana za mazishi, mabango ya harusi, picha za wagombea. Wateja wanakuja na nembo walizotengenezewa na simu, ngao na tufe na mikono inayopeana salamu, nami nazichapa. Zamani niliwauliza wanaona nini. Walidhani nawadharau. Wakati mwingine nachora kitu changu saa ya chakula, nakibandika juu ya mashine, nakitazama. Najua kuna kitu kinapaswa kuondoka na sijui ni kipi. Hakuna wa kuniambia. Mwenzangu wa dukani nikimwonyesha anasema ni kizuri sana.

Hamisi aliacha kabisa, anaendesha bodaboda. Nambozo alirudi kwao. Nilimpigia simu mara kwa mara, akaongea nami juu ya watoto na mvua, na nikitaja kuchora alikuwa akiniambia mtandao unakatika.

Mwaka huu nilitumwa Mbale kupeleka mabango ya harusi, na kazi ilipokwisha mapema nikauliza njia ya Malukhu. Nilimkuta Mwalimu barazani kwa dada yake, juu ya mkeka, anachagua mawe kwenye sinia la mchele. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa, na viatu vya plastiki alivyokuwa navyo vilikuwa vimekatwa kisigino ili viingie. Aliniita mwanangu. Aliniuliza habari za mama yangu, na akatuma niletewe malewa, yale machipukizi ya mianzi, na ugali, nami nikala yeye akinitazama.

Lori la ile kampuni ya maji lilipita barabarani tukiwa tumeketi. Ubavuni walikuwa wameichafua nembo ile. Tone lenye macho na tabasamu lilikaa juu ya mlima, na kuzunguka vyote wameweka ngao. Mwalimu alilifuata lori kwa macho hadi likapotea.

"Linapita kila siku," akasema. "Asubuhi linashuka, jioni linapanda."

Sikuwa nimekuja kumhukumu, lakini nilikuwa nimelibeba swali lile muda mrefu, na nikamwuliza kwa nini. Alirudi kuchagua mawe. Kisha akaanza kueleza, macho kwenye sinia. Mwenye kampuni alikuwa mwenzake wa zamani kiwandani, akamwomba yeye, kwa jina lake, amchoree nembo. Tangu kiwanda kifungwe hakuna kitu cha mkono wake kilichokuwa nje, mahali watu wanapita. Alifurahi kama msichana. Ndiyo sababu alituandikia kampuni ya maji ubaoni, tuchore sisi huku naye anachora nyumbani. Alichora muhula mzima, kila wiki, na kila alichochora kilitoka ua la kitenge. Aliona kwamba kina kasoro na hakuijua kasoro yenyewe.

"Nilikosa mtu wa kuniambia," akasema.

"Sisi tulikuwepo, Mwalimu."

"Mlikuwepo." Alitupa jiwe dogo nje ya baraza. "Kukaa pale mbele yenu nilishindwa. Kuiba niliweza."

Niliwaza ni wangapi kati yetu wangempa kila alichohitaji, bure, kwa alasiri moja tu. Nadhani na yeye aliwaza hivyohivyo, na kwa miaka mingi zaidi yangu.

Aliniuliza kama naonana na Nambozo. Nikasema ni simu tu, na kwamba nimesikia ana duka mjini. Nikadhani anataka kunituma, nami nilishajiandaa kukataa, kwamba kama ana neno la kusema aende mwenyewe, mji ni huu huu.

"Nilikuwa nikienda," akasema. "Kila Ijumaa baada ya swala. Nanunua sukari kwake."

"Anakuambia nini?"

"Ananipimia. Ananirudishia chenji. Tunasema asante." Akapepeta sinia, makapi yakaruka. "Mara ya kwanza nilikwenda nimuombe msamaha. Nilipofika mbele yake nikaomba sukari. Basi ikawa hivyo. Sasa miguu imekataa, hata msikitini siendi."

Nilimuaga. Hakuinuka, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na hina ilikuwa imefifia hadi ikawa kama kutu. Aliniambia nisafiri salama. Hakunipa salamu za mtu yeyote.

Duka la Nambozo liko katika mtaa wa maduka ya jumla, katikati ya muuza sabuni na muuza mafuta. Nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, amenenepa kidogo, anawaamuru wachukuzi washushe magunia. Alinikumbatia akanipa kiti na soda. Tulizungumza kama tunavyozungumza kwenye simu, watoto na mvua. Juu ya mlango wake palikuwa na kibao kilichoandikwa jina la duka kwa herufi za kawaida tu, bila mchoro. Nilimwuliza kama hachori hata kidogo. Akasema mkono upo, lakini akiona kitu cha kuchora, kabla hakijakaa sawa kichwani tayari ameshaona uso wa atakayekiiba, na hamu inaisha. Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja ugonjwa aliouzoea.

"Umetoka kwake," akasema.

Nikasema ndiyo. Nikasema ameniambia juu ya Ijumaa.

"Siku ya kwanza nilitaka kumfukuza," akasema Nambozo. "Watu ilikuwa mingi hapa, nilitaka wote wasikie. Nikaona vile viatu yake amekata. Nikampimia." Alitazama barabarani, kisha akainama chini ya meza akatoa mfuko wa karatasi uliofungwa juu vizuri kwa uzi. "Ijumaa mingi sasa hakuja. Hii ni yake. Namwekea."

Nilinyoosha mkono. Nilisema basi langu litapita karibu na Malukhu, naweza kumwachia.

"Hapana," akasema. "Mimi sitaki apelekewe. Nataka aje. Iko neno namngojea aseme, na mimi iko langu. Aje mwenyewe."

Ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa akinitazama, akaona kwamba kuna kitu, akaniuliza. Nikamwambia juu ya miguu, jinsi ilivyovimba, na kwamba hafiki tena hata msikitini. Nikamwambia yeye anaweza kwenda, si mbali, angefika na kurudi kabla ya kufunga duka.

Nambozo aliushika ule mfuko kwa muda. Nilidhani ataita mtu amwachie duka. Kisha alifungua uzi, akaukunja akautia mfukoni mwa nguo yake, akaimimina sukari yote ndani ya gunia la sukari lililokuwa wazi, akaisawazisha juu kwa kiganja, na akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri, akamwuliza anataka kilo ngapi.